Dada wa Tano

Sauti ya Sitara ilitoka jikoni, mchana, jua likiwa utosini.

"Fortu, njoo unishikie sufuria, inaniunguza."

Fortunata aliacha kalamu kitandani akakimbilia jikoni. Hapakuwa na mtu. Jiko la gesi lilikuwa limezimwa na limepoa, na sufuria zilikuwa zimefudikizwa kando ya sinki kama walivyoziacha asubuhi. Dirishani zilipanda kelele za Kariakoo: spika za wauza mashati, honi za bodaboda, mtu akigombana na mwenye guta aliyeziba njia. Kulikuwa pia na harufu asiyoitarajia, harufu ya vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi.

Alikuwa bado amesimama pale aliposikia ufunguo ukizungushwa mlangoni. Sitara aliingia akihema, mkononi ana mfuko wa bamia na nyanya.

"Ulikuwa wapi?" Fortunata akamwuliza.

"Sokoni. Si nilikuaga?"

"Hujaniita sasa hivi?"

"Nikuite vipi? Hizo ngazi zimenimaliza, sina hata pumzi ya kukuitia."

Wakacheka. Fortunata akajiambia kwamba alisinzia juu ya vitabu, kwa kuwa mitihani ilikuwa karibu na usingizi wake haukuwa wa kutosha. Hakumwambia mtu mwingine.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, pale Mchafukoge, juu ya duka la vyombo vya plastiki la Hamis. Mwenye nyumba, Bi Badria, alikuwa mjane wa pwani aliyehamia kwa mwanawe Upanga, na aliipangisha kwa wasichana wa chuo peke yao. Waliopita kabla waliipa jina, Nyumba ya Madada, wakaiachia na desturi. Anayehamia pale hakuitwa mpangaji, aliitwa dada. Walikula sinia moja. Mmoja akiumwa, wote waliuguza. Mmoja akifeli somo, aliyelifaulu alikaa naye mpaka alielewe.

Mwaka ule walikuwa wanne. Caroline, mtoto wa Marangu, alikuwa mwaka wa tatu na ndiye dada mkuu, msichana wa sauti nzito aliyegomba leo na kusahau leo hiihii. Sitara alikuwa mtu wa Bagamoyo, mpole, ambaye uchumba wake ulivunjika mwaka uliopita na hakupenda kuulizwa. Fortunata alitoka Rombo. Mjomba wake Isidori alikuwa na duka la jumla Kariakoo na nyumba Ilala, naye aliona ajabu mpwa wake kupanga na wenzake badala ya kukaa kwake. Wa mwisho alikuwa Celina, wa mwaka wa kwanza, yatima aliyelelewa na masista huko Songea, aliyekuwa akiomba ruhusa hata ya kufungua friji.

Celina alikuwa amekaribishwa rasmi mwanzoni mwa muhula. Jioni ile umeme ulikatika, joto likawa halivumiliki, wakaacha wazi mlango wa kutokea ngazini. Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizikia. Caroline alisimama katikati ya sebule, uso kuelekea mlangoni, akatamka maneno ya desturi: "Karibu, dada yetu. Ingia. Chetu ni chako." Kisha kila mmoja akamlisha Celina tonge moja, na Celina akalia, wakamcheka, wakamkumbatia. Hakuna aliyeona jambo lolote siku ile.

Siku chache baada ya kuitwa jikoni, Fortunata alirudi mapema kutoka chuoni. Alipokuwa akivua viatu koridoni alisikia maji yakimwagika bafuni, na sauti ya Caroline ikizungumza kama mtu aliye kwenye simu.

"Fortu? Kichwa kile kizito kama jiwe. Sitara ndiye anayemsaidia, la sivyo angeshafukuzwa chuo. Mjomba wake anajisumbua tu."

Fortunata aliganda, kiatu mkononi. Alikuwa amefeli somo moja mwaka wa kwanza, na lilikuwa jambo lililomwuma kuliko yote, jambo alilowaambia hawa tu, usiku wakiwa kitanda kimoja. Akaingia chumbani taratibu, akalala akiutazama ukuta. Caroline alipomsalimia jioni, hakuitikia vizuri.

"Una nini wewe?" Caroline akauliza.

"Sina kitu."

"Mbona umenuna hivyo?"

"Nimekwambia sina kitu, dada."

Hakuuliza kama Caroline alikuwa nyumbani mchana. Angeuliza, angeambiwa kwamba siku ile Caroline alishinda maktaba na watu wanaomjua. Lakini mtu aliyesikia kwa masikio yake haoni haja ya kuuliza.

Naye Sitara akaanza kubadilika. Aliacha kumpikia Fortunata chai ya tangawizi. Akipita naye koridoni alijibana ukutani. Siku moja, wakiwa wanaanua nguo kwenye kibaraza, alisema bila kumtazama, "Mwanamume akimwacha mwanamke si lazima mwanamke awe na kasoro. Ungejua hilo usingesema ulivyosema."

"Nimesema nini mimi?"

"Wewe unajua."

Fortunata aliona anasingiziwa. Akadhani Caroline ndiye aliyepeleka maneno, maana kama anaweza kumsema yeye bafuni, atashindwa nini kumchonganisha? Kutoka siku hiyo akawa anasikiliza. Mlango ukifunguliwa anasikiliza. Wawili wakinong'ona jikoni anasimama nyuma ya pazia na pumzi zake kazibana. Aligundua kwamba si yeye peke yake, kwani mara mbili alimkuta Celina amesimama gizani kwenye kona ya korido, mkono mdomoni, macho yamemtoka, akisikiliza chumba ambacho ndani yake hakukuwa na mtu.

Sinia likaacha kutumika. Kila mmoja alipika chakula chake na kukila kivyake kitandani. Celina, ambaye hakujua kula peke yake, aliacha kula. Akakonda, mikono ikawa miembamba, kucha zikapauka, na Caroline alipomsihi ale alijibu kwa sauti ya chini, "Msijisumbue, dada. Nitaondoka muhula ukiisha. Nimeshaelewa kwamba hamkunitaka."

"Nani kakwambia hivyo?"

Celina aliwatazama watatu wote, mmoja baada ya mwingine, na Fortunata akajisikia vibaya bila kujua kosa lake.

Basi Jumapili moja mambo yakafumuka. Caroline aliwaita sebuleni, akataka wamwambie kinachoendelea katika nyumba anayoisimamia. Fortunata akasema ya bafuni. Caroline akakana. Sitara akasema, kama Caroline hakusema, basi yeye Sitara aliyasikiaje vilevile, kwa sauti ileile, maneno hayohayo, juma lingine? Celina akasema taratibu kwamba na yeye alimsikia dada Caroline, nje ya mlango wake, akisema yatima huleta mikosi nyumbani.

Caroline alisimama katikati yao, midomo ikimcheza.

"Kwa hiyo nyote watatu," akasema mwishowe. "Nilidhani nimesikia vibaya mlipokuwa mnanisema jikoni. Kumbe ni kweli."

Alfajiri alichukua begi dogo akaenda stendi kupanda basi la Moshi. Aliwazuia wote kwenye simu, akajitoa kwenye kundi lao. Fortunata alimwona kutoka dirishani akivuka barabara, wafagiaji wakimpisha, na hakumwita. Hilo lilikuja kumtesa baadaye.

Kesho yake mchana Caroline alirudi.

Alibisha hodi taratibu, kitu ambacho hakuwa na desturi ya kukifanya, akangoja mpaka Celina akamfungulia na kumwambia apite. Hakuwa na begi wala simu. Alisema aliibiwa vyote stendi, akalala kwa rafiki yake Mchikichini, akawaza usiku kucha, akaona hawezi kuwaacha wadogo zake kwa ajili ya maneno. Aliomba radhi kwa yote, hata ambayo hakuyafanya. Aliwakumbatia. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na Fortunata akadhani ni ya mtu aliyeshinda bila kula.

Jioni ile walikula sinia moja tena. Caroline alipika wali wa nazi na samaki, akamlisha Celina mwenyewe, tonge kwa tonge, mpaka msichana akashiba. Chakula kilikuwa laini na kinanukia, ila hakikuwa na chumvi hata kidogo. Sitara alipoinuka kwenda kuichukua, Caroline alimshika mkono.

"Kaa, dada. Tule hivihivi. Chumvi inanidhuru siku hizi."

Wakala hivyohivyo. Walikuwa na furaha ya kurudiana, na mtu mwenye furaha hapekui sufuria.

Lakini sauti hazikukoma.

Siku iliyofuata, Fortunata na Sitara walirudi pamoja kutoka chuoni wakati wa magharibi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, majenereta yananguruma chini, ngazi zao zimejaa giza la kijivu lile la jua linapozama. Walipofika mlangoni, Sitara akiwa anatafuta ufunguo mkobani, walisikia watu wakizungumza ndani. Sitara akasimamisha mkono. Aliyekuwa akisema ni Fortunata.

"Mwache afe. Akifa kitanda kitabaki wazi."

Na sauti ya Sitara, ile ya upole, yenye lafudhi ya Bagamoyo, ikajibu, "Bado anakula. Tungoje."

Fortunata alimshika mwenzake mkono, na wakabaki hivyo, mabega yameegemeana, wakisikiliza sauti zao wenyewe zikipanga kifo cha mtu nyuma ya mbao zile nyembamba, zikicheka walivyocheka wao, zikikohoa kikohozi cha Fortunata alichokuwa nacho tangu utoto, zikitajana kwa majina ya mzaha ambayo hakuna mwingine aliyeyajua, huku ile harufu ya vumbi na mvua ikipenya chini ya mlango na kuwapanda miguuni, baridi, mpaka Sitara akaanza kutokwa machozi bila sauti.

"Fortu," akanong'ona. "Hukusema yale ya mchumba wangu."

"Sikusema."

"Na Caroline hakusema ya bafuni."

"Nadhani hakusema."

"Mungu wangu. Tumemfukuza bure."

Nyuma yao hatua zikapanda ngazi. Alikuwa Caroline, amebeba mfuko wa nyanya.

"Mbona mmesimama gizani?" akauliza.

Ndani kukawa kimya. Sitara alifungua mlango. Celina alikuwa peke yake, ameketi sakafuni, kipaji cha uso amekigandamiza ukutani.

"Mbona mnanisema hivyo?" akawauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Nimewakosea nini?"

Sitara alikuwa na mjomba, Maalim Haruna, aliyefundisha madrasa Ilala na kusomea watu waliopatwa na mambo ya namna hii. Hakuwa mzee. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua, aliyekiri waziwazi kwamba hakutaka kuja, na alikuja alasiri ya siku ya pili na chetezo, ubani, na chupa ya maji aliyoyasomea. Alizunguka vyumba vyote akinusa. Kisha aliketi mkekani akauliza jambo moja.

"Mlimkaribisha nani humu ndani, na mlisemaje?"

Wakamweleza desturi, sinia, tonge, maneno. Akauliza mlango ulikuwaje. Wakamwambia ulikuwa wazi.

"Celina alikuwa ameshaingia," Maalim akasema. "Alikuwa ameketi mkekani, mna siku naye. Nyinyi mkasimama magharibi, mlango wazi, mnautazama ujia wa ngazi mtupu, mkasema, dada yetu, ingia. Waliosikia ni wengi. Mmoja akaitika." Akapenga kamasi. "Huyu hataki damu. Anataka mlichompa. Anataka udada. Lakini nyumba ina vitanda vinne, na wenyewe mko wanne. Lazima mmoja aondoke ili apate nafasi."

"Tumtoeje?" Fortunata akauliza.

"Nitasoma. Kisha aliyemkaribisha ndiye amtoe kwa kinywa chake."

Caroline alisema kwa heshima kwamba yeye ni Mkristo, akaomba asubiri jikoni wakati wa kisomo. Maalim akamruhusu. Ubani ukafuka, kisomo kikapanda na kushuka, na Celina akalala chali akilia kama mtoto mchanga. Vijiko jikoni viligongana kidogo, kisha vikatulia. Mwishoni Maalim akaita, na Caroline akaja akasimama mlangoni, macho mekundu ya moshi.

"Sema," Maalim akamwagiza. "Wewe uliyeingia na si wetu, toka, na usirudi."

Caroline aliyasema maneno yote, pole pole, wazi. Ila hakutazama ngazi. Aliyasema huku akimtazama Celina.

Mlango ukajifungua wenyewe, ukapiga ukuta. Ile harufu ikapungua, ikaisha. Maalim alibaki amekaa kwa muda, tasbihi imesimama mkononi.

"Ametoka?" Sitara akanong'ona.

"Nimesikia mlango ukifunguka," mjomba wake akasema. "Sikusikia mtu akishuka." Akainuka kama aliyetaka kusema zaidi, akaghairi. "Sauti isiyo na uso msiiitikie. Hata ikilia. Mpaka mwone uso."

Wakaahidi.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote walizokaa pale. Sauti zilikoma. Celina alirudisha mashavu. Caroline hakuenda chuoni sana, alisema ana maandalizi ya mwisho ya kufanyia nyumbani, na kila waliporudi walikuta pamefagiliwa na sinia limefunikwa kawa. Hakugomba tena. Lilikuwa jambo la kupendeza, na lilimtia Fortunata wasiwasi ambao aliona aibu kuusema. Akiamka alimkuta Caroline ameketi kitandani tayari, mgongo wima, anawatazama wakilala, naye akitabasamu akimwona amefumbua macho. Fortunata alijilaumu. Alishamdhania mabaya dada huyu mara moja, na ilitosha.

Ijumaa moja alitoka kipindini mapema, saa za chakula cha mchana. Mbele ya duka la Hamis alimkuta kijana ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, ana begi miguuni. Alikuwa Elibariki, kaka yake Caroline. Fortunata aliwahi kumwona kwenye picha.

"Wewe ndiye Fortunata?" akauliza, bila uchangamfu. "Nimetumwa kuchukua vitu vya Caro. Sitaki kupanda huko. Niletee tu godoro na vitabu, nakuomba."

"Kwa nini usimwombe mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

"Caroline. Yuko juu."

Elibariki alimtazama kwa hasira kwanza, kisha kwa namna nyingine. "Dada, Caroline yuko nyumbani Marangu tangu alipotoka kwenu. Hali chakula vizuri. Analia. Usinifanyie utani kwa jambo hili."

Akatoa simu, akapiga kwa video. Picha ilikwama, ikaja. Caroline alikuwa ameketi uani kwao, kitenge cha mama yake mabegani, migomba nyuma yake, mama mwenyewe akipita na ndoo. Alipomwona Fortunata uso ulimkakamaa.

"Unataka nini?" akauliza, kwa ile sauti yake nzito. "Si nimeshawaachia nyumba?"

Fortunata alifungua mdomo. Kabla hajasema, kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, juu ya vichwa vyao, juu ya honi na spika zote, sauti nzito ileile ikaita kwa furaha.

"Fortu! Panda, dada. Chakula tayari."

Kwenye simu, Caroline aliinua kichwa polepole. "Nani huyo?" akasema. "Fortu, ni nani huyo anayetumia sauti yangu?"

Elibariki alisimama, ndoo ikaanguka. Fortunata alimshika mkono asiseme. Sitara na Celina walikuwa juu. Alifikiri kuwapigia simu awaambie washuke, akakumbuka ahadi yao, kwamba sauti isiyo na uso haiitikiwi. Walikuwa wameishika vizuri mno. Angewaita kutoka ngazini mpaka akauke koo, wasingetoka. Ilibidi waone uso wake.

"Usiondoke hapa," akamwambia Elibariki. "Nisiporudi, mfuate mjomba Isidori, Hamis anajua duka lake. Usipande."

Akapanda. Kila ngazi aliyokanyaga ilinukia mvua.

Walikuwa wameketi mkekani, sinia katikati, Sitara akinawa mikono, Celina akiwa tayari ana tonge. Caroline aliinua uso na kutabasamu.

"Umechelewa. Kaa tule."

"Mjomba Isidori ameanguka, yuko dukani kwa Hamis," Fortunata akasema. Alishangaa sauti yake ilivyotulia. "Sitara, Celina, njooni mnisaidie kumpakia bajaji."

Wakainuka papo hapo. Caroline naye akainuka.

"Twende wote, basi. Si ni mjomba wetu?"

"Chakula kitabaki na nani?" Fortunata akajibu. "Kifunike tu, dada. Tunarudi sasa hivi."

Caroline alimtazama. Hakupepesa. Fortunata akatambua kwamba kwa siku zote zile hakuwahi kumwona akipepesa, akajikaza asishushe macho yake, maana alijua akishusha tu, yule ataelewa.

"Haya," Caroline akasema mwishowe, na tabasamu likabaki palepale. "Nitawangoja. Mimi najua kungoja."

Fortunata aliwashika mikono wenzake, mmoja kulia, mwingine kushoto, akawatoa, akaanza kushuka, na walipofika ngazi ya chini kidogo tu akawaambia kwa mnong'ono wasigeuke, chochote watakachosikia wasigeuke, yule si Caroline, Caroline yuko Marangu, na kabla hajamaliza wakaanza kuitwa kutoka juu, kwanza kwa sauti ya Caroline ikiuliza mbona wanakimbia, kisha kwa sauti ya mama yake Sitara aliyezikwa Bagamoyo, ikimwita Sitara jina lake la utoto na kumwambia kuna giza huku, mwanangu, usiniache, na Sitara akasita, wakamvuta, kisha kwa sauti ya mwanamke mwingine, changa, laini, ambayo Celina hakuwahi kuisikia maishani mwake lakini akajua mara moja ni ya nani, akalia kwa uchungu kama mtu anayechanwa, akataka kurudi, akamng'ata Fortunata mkono, na Fortunata hakumwachia, akashuka naye akimburuta mpaka jua likawapiga usoni na kelele za Kariakoo zikawafunika.

Hawakurudi tena. Vitu vyao viliachwa vilivyo. Mjomba Isidori aliwapa chumba kwake Ilala bila kuuliza maswali mengi, na usiku ule Fortunata aliongea na Caroline kwenye simu mpaka betri ikaisha, wakiombana radhi na kulia. Caroline alimaliza mitihani yake ya mwisho akitokea nyumba hiyohiyo ya Ilala, wote wanne chumba kimoja. Maalim Haruna alikwenda Mchafukoge na wenzake wawili, akakuta mlango uko wazi, mkeka umetandikwa, sinia limefunikwa na chakula bado cha moto. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, hakupata jibu. Akamshauri Bi Badria afunge pale. Bi Badria akafunga.

Mwaka mpya wa masomo ukaanza. Fortunata sasa alikuwa mwaka wa tatu. Siku ya kuandikisha wapya alisimama uwanjani na wenzake kuwaelekeza wageni, akampata msichana mmoja mchangamfu aitwaye Lucky, aliyetaka kuonyeshwa maktaba. Njiani akamwuliza amepanga wapi.

"Mchafukoge," Lucky akasema. "Kwa Bi Badria. Mwanawe ndiye anayepangisha siku hizi. Pazuri sana, tunaishi kama ndugu. Tuko watatu wapya, na dada mkuu tumemkuta palepale. Anatupikia kila siku."

Fortunata alisimama. "Dada mkuu wenu anaitwa nani?"

"Fortunata," Lucky akasema. "Wa Rombo. Yuko mwaka wa tatu, lazima mnajuana."

Watu walipita kati yao na mafaili yao. Fortunata aliinua kitambulisho chake cha chuo kilichoning'inia shingoni, akakigeuza ili jina lisomeke.

"Mdogo wangu, nisikilize," akasema taratibu. "Leo usirudi kule. Fortunata ni mimi."

Lucky alisoma jina. Akasoma tena, akainua macho, na uchangamfu wote ukamtoka usoni. Akarudi nyuma hatua, kisha nyingine, mfuko wake wa vitabu ameukumbatia kifuani kama ngao.

"Dada alituambia utakuja," akasema. "Alituambia kuna kitu kinatembea hapa chuoni, kina uso wake na kinajiita jina lake, na kitajaribu kututenga na yeye."

"Lucky."

"Alisema usipewe mkono. Alisema usiitikiwe."

Akaendelea kurudi kinyumenyume mpaka kwenye geti, hakumpa mgongo hata mara moja, kisha akageuka na kukimbia kuelekea nyumbani.